Hodi Mara Tatu

Mama alikataa kuingia katika nyumba ya kwanza. Alisimama mbele ya ngazi mbili za mawe, akakumbatia mkoba wake, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu anayetarajia kujibiwa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani tuliona meza iliyotandikwa, sahani nne za bati, shali iliyotupwa kwenye mgongo wa kiti, na meko baridi yaliyofagiliwa vizuri. Hakukuwa na mtu. Akapiga hodi ya pili, akangoja, akapiga ya tatu. Kisha akanigeukia akinitazama kana kwamba nimemleta kuiba.

"Koko, tumeshakata tiketi kule langoni," binti yangu alimwambia. Huanza kwa Kiingereza, kisha humalizia kwa Kiswahili chake kidogo anapoona koko wake, yaani bibi yake, hajaridhika. "Tiketi ndiyo hodi."

"Tiketi ni karatasi. Karatasi haina mudomo."

"Hakuna anayeishi humu, mama," nikasema. "Ni nyumba ya kuonyesha tu."

"Kama hakuna mutu, ile shali ni ya nani?"

Tulikuwa kwenye makumbusho ya wazi, kijiji cha wakulima wa zamani, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Columbus. Binti yangu anasoma chuo kikuu mjini humo na amepanga chumba karibu na chuo. Mimi ninaishi Louisville, upande wa kusini, na kazi yangu ni kukagua mizigo ghalani. Mama anaishi Buffalo, upande wa mashariki, nyumbani kwa dada yangu. Tunapotaka kuonana sote, tunakutana kwa binti yangu. Si katikati kamili, nimepima: mimi naendesha saa tatu na nusu, mama anakaa kwenye basi karibu saa saba. Mwenyewe husema basi humpumzisha, kwa kuwa ndani yake hakuna anayemwomba apike.

Kwetu hodi hupigwa mara tatu. Ya kwanza ni ya kumshtua mwenye nyumba, ya pili ni ya kumpa nafasi ya kujifunga nguo, ya tatu ni ya kumaliza. Usipojibiwa unageuka. Ukiingia wewe ni mwizi, ukizidi kuita wewe ni msumbufu. Niliijua sheria hiyo kabla sijajua kusoma. Ina faida moja ambayo nimeitumia kuliko mtu yeyote ninayemfahamu: humwondolea lawama anayegeuka.

Nilisoma kibao kilichokuwa kando ya mlango, chote, kwa sababu huwa nasoma vibao vyote. Kilieleza kwamba nyumba hizi hazikujengwa pale. Zilibomolewa katika wilaya mbalimbali, gogo kwa gogo, kila gogo likatiwa namba, zikapakiwa kwenye malori na kusimamishwa upya uwanjani hapo, kando ya barabara moja ya changarawe. Nilitaka kumwonyesha mama pembe za nyumba, jinsi magogo yalivyochongwa kwa umbo la mkia wa njiwa ili yashikane bila msumari, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma vitabuni lakini sijawahi kulishika kwa mkono. Yeye alitaka kujua maana ya kibao. Nikamtafsiria.

"Donc, kwa hiyo, hawa si majirani," akasema.

"Hapana. Hii ilitoka kaskazini, ile pale ilitoka mtoni huko kusini."

"Bameletwa na malori. Bamepangwa mustari." Aliitazama barabara yote, kuanzia langoni hadi kwenye kanisa dogo jeupe la mbao. "Bon. Ni kambi."

Tuliishi kambini Tanzania miaka kumi na mmoja, na kwa kweli sikuweza kutaja tofauti. Alisogea dirishani, akaweka viganja pembeni mwa macho, akachungulia. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vya mtoto, vya ngozi, vimekauka na kukunjamana kama maganda.

"Balikimbia," alisema.

"Hawakukimbia, mama. Walizeeka, wakafa, wajukuu wakahamia mijini."

"Mutu anayehama anaacha viatu vya mutoto?"

Binti yangu alicheka, lakini alimshika mkono. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashambani, na kila nyumba tuliyoipita ilikuwa hivyohivyo: kitanda kimetandikwa, ndoo imejazwa, ufagio umeegemezwa, wenyewe hawapo. Mtu fulani hupita kila asubuhi kupanga vitu hivyo ili vionekane kama vimeachwa sasa hivi. Ninaielewa kazi hiyo. Nami nimekuwa nikiifanya kwa muda mrefu.

Siku tuliyokimbia kijijini kwetu, katika vita vya kwanza, vile vilivyotupeleka kambini, milio ya bunduki ilitokea upande wa mlima, na huko ndiko ilikokuwa nyumba ya nyanya yangu, mama yake mama. Alikaa peke yake ng'ambo ya kijito, mwendo wa robo saa kutoka kwetu, kwa sababu alikuwa mfinyanzi na udongo mzuri ulipatikana ng'ambo hiyo. Mguu wake wa kuume ulichechemea na masikio yake yalikuwa mazito. Mama alikuwa anafunga mizigo huku akiwashika wadogo zangu. Aliniambia, "Kimbia umulete mama yangu. Asipoweza kutembea, umubebe." Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nguvu za kumbeba. Nataja umri huo ili nisije nikajipunguzia.

Nilirudi peke yangu. Nilimwambia mama, "Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyejibu. Ameshaondoka na majirani."

Kweli ni hii. Nilifika kwenye ua wa miti, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, na sikuusogelea mlango. Nilipiga hodi tatu kwa sauti ya chini, kwa kuogopa wenye bunduki wasinisikie, na nilizipiga haraka, moja ikikanyaga nyingine. Halafu nikasikia, nyuma ya nyumba, kokoto likiparuza chungu. Kwaru, kwaru, kisha kimya cha kukigeuza, kisha kwaru, kwaru. Nilisikiliza mizunguko miwili. Bunduki zikalia tena, karibu zaidi. Hodi tatu zilikuwa zimetimia. Nikageuka.

Maneno "na majirani" niliyabuni njiani, nikiwa navuka kijito.

Mama aliyaamini, na kwa sababu aliyaamini, mama yake hakufa. Kambini alisimama kwenye kila lori lililoleta watu wapya. Aliuliza: mwanamke mfupi, anachechemea mguu wa kuume, mfinyanzi, hamkumwona? Waliotoka mlimani baadaye walisema nyumba ya ng'ambo ilibaki majivu. Kwake hiyo haikuwa habari ya kifo, maana mama yake alikuwa ameondoka na majirani. Wazee wa kanisa walimshauri aweke matanga, amlilie, apumzike. Alikataa. "Nitamulilia namna gani mutu anayetembea?" Wajombangu wawili walikufa kambini, akawalilia. Baba alikufa, akamlilia. Mama yake alimwacha akitembea.

Hata Buffalo bado anauliza. Kila familia mpya inapofika kanisani, huwangoja mlangoni baada ya ibada na kuwaeleza habari za mwanamke mfupi. Hesabu anaijua. Mama yake sasa angekuwa anakaribia miaka mia. Anauliza hata hivyo, na wageni, ambao wana adabu, humjibu kwamba watafikiria.

Miaka minne iliyopita nilianza kuandika mambo ya kwetu katika daftari, kwa utaratibu: mashamba, mbegu, njia za mitego, aina za vyungu na matumizi yake. Ukurasa wa siku ya kukimbia niliuandika vile nilivyousimulia siku zote. Mwandiko wa ukurasa huo ni safi kuliko wa kurasa nyingine zote.

Pale makumbusho, nyumba ya mhunzi, angalau, ilikuwa na mtu. Alikuwa mzungu mnene mwenye ndevu na aproni ya ngozi, akigeuza chuma motoni. Mama alisimama kizingitini, akapiga hodi. Yule bwana akatupungia mkono tuingie. Mama hakusogea.

"Anangoja umjibu," binti yangu alimweleza. "Inabidi useme karibu."

"Niseme nini?"

"Karibu."

"Karibu!" alinguruma, mpaka mama akaruka kidogo, kisha akaingia akitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alizunguka mivukuto ya kuvuvia moto, mikubwa kama ndama aliyelala, akatazama kilichokuwa kwenye fuawe.

"Upepo wote huu ni wa kutoa kamusumari kamoja?"

"Anasema nini?" mhunzi akauliza.

"Anasifu mivukuto yako," binti yangu akasema.

Mhunzi alifurahi, akampa mama msumari ule baada ya kuupoza majini. Tulipokuwa tumefika mbali tulimsikia akiwapigia kelele wageni wengine, "Karibu! Karibu!" nao wakimtazama wasijue wafanyeje.

Ningependa siku ile iishie hapo. Mama alikuwa amechoka, na nilipendekeza turudi kwenye gari. Binti yangu alisema imebaki nyumba moja tu, nyuma ya miti ya matofaa, na kwamba itakuwa aibu kuacha moja. Alitangulia mbele akizungumza kwenye simu. Mimi na mama tulimfuata polepole.

Ilikuwa nyumba ndogo kuliko zote, imejitenga na barabara. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu. Kando ya ukuta, juu ya ubao, vilipangwa vyungu na mabakuli yakikauka kivulini. Mama hakuviona, macho yake yalikuwa kwenye ngazi, akiangalia pa kukanyaga. Alipiga hodi. Alipiga ya pili.

Ndipo nikasikia. Kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru, kwaru.

Nimesoma kuhusu watu wanaosikia visivyokuwepo, na nilipokuwa nimesimama pale nilijaribu kujipima kama nilivyosoma. Nilimtazama binti yangu: alikuwa mbali, chini ya miti, kisogo kwetu. Nilimtazama mama: ana miaka sabini na mitano, na sikio lake la kushoto limeanza kuwa zito kama masikio ya mama yake. Uso wake haukubadilika. Akapiga hodi ya tatu.

"Mara tatu," akasema. "Hakuna batu. Twende."

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Ningeweza kunyamaza, tukarudi kwenye gari, kisha vikombe vya chai chumbani kwa binti yangu, kisha basi la kesho yake.

Mama alinishika mkono ili ashuke ngazi. Alisema, bila nia mbaya yoyote, kama mtu anayempongeza mwanawe, "Ni kama wewe siku ile kwa mama yangu. Ulifanya muzuri. Ungeingia, benye bunduki bangekukuta ndani."

Kwaru, kwaru.

"Mama, kuna mtu ndani," nikasema.

"Hajibu."

"Yupo. Namsikia."

Nikausukuma mlango, nikaingia bila kukaribishwa. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo kabla ya siku ile. Chumba kilinuka udongo mbichi. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, aliketi mwanamke mzee aliyevaa kofia ya kitambaa na gauni refu la zamani, bakuli mapajani, akikwangua ubavu wake kwa kipande cha mti. Aliketi akinipa mgongo. Nilisimama nyuma yake kwa muda ambao siwezi kuupima. Kisha kivuli changu kikaangukia mikono yake, akashtuka, karibu aangushe bakuli.

Aliomba radhi yeye, badala yangu. Vifaa vyake vya kusikia vilikuwa mezani, ndani ya kikombe. Alisema huvivua akiwa kazini kwa sababu mkwaruzo wa udongo humuumiza kichwa. Akavivaa. Binti yangu alikuwa ameshafika, na nyuma yake mama, ambaye safari hii aliingia kwa kuwa ndani palikuwa na vicheko.

Mama si mfinyanzi, lakini ni mtoto wa mfinyanzi. Alitazama kazi ile kidogo tu, akatikisa kichwa.

"Anaparuza kama anachuna mbuzi."

"Anasema una mkono wenye nguvu," binti yangu akatafsiri.

Mwanamke yule si mjinga. Alicheka, akasogea kwenye benchi lake, akampa mama bakuli na kile kipande cha mti. Mama aliketi. Alikitazama kile kipande, akakiweka pembeni, akatoa mkobani ule msumari, akaurudisha, hatimaye akaokota kokoto laini kutoka kwenye bakuli la maji lililokuwa karibu. Akaweka bakuli la udongo kwenye paja, akaanza. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mikono yake ilikwenda yenyewe, kwaru, kwaru, akanyamaza akageuza, kwaru, kwaru. Yule mwanamke alisogeza kichwa karibu kumtazama. Binti yangu alikuwa anapiga picha.

Nilitoka nje.

Mama alinifuata baada ya dakika chache, vidole vyake vimeshika udongo hadi kwenye kucha. Alinikuta kwenye benchi la ubao chini ya mti.

"Mbona umetoka? Ni kizunguzungu?"

"Kaa, mama."

Akakaa.

"Siku ile nilimsikia," nikasema.

"Nani?"

"Mama yako. Alikuwa nyuma ya nyumba. Sikufika mlangoni, nilisimama kwenye ua. Niliita kwa sauti ndogo. Alikuwa kazini, hakunisikia. Mimi nilimsikia. Nikarudi."

Nilikuwa nimeisema sentensi hiyo peke yangu mara nyingi, garini, na siku zote ilikuwa ndefu. Pale ilikuwa fupi. Mama hakupiga kelele. Alianza kukwangua udongo vidoleni, kidole kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba.

"Alikuwa anapiga udongo ao anaparuza?"

"Anaparuza."

"Uko hakika?"

"Ndiyo."

"Na kugeuza? Alikawia kugeuza?"

Nilifikiria. Sauti ile nimeishika kwa usahihi kuliko sura za watoto wangu walipokuwa wachanga. "Alikawia kidogo. Kama pumzi mbili."

"Ni mutungi," akasema. "Mutungi wa maji. Vile vidogo hakukuwa anakawia, alivizungusha juu ya paja." Akafika kwenye kidole cha mwisho. "Donc alikuwa muzima. Alikuwa kazini."

"Ndiyo, mama."

"Na majirani?"

"Hakukuwa na majirani. Nilibuni."

Nikasikia sauti ya binti yangu akiagana na yule mfinyanzi mlangoni.

"Nilisimama kwa malori," mama akasema. "Na mvua."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unanishikia mwavuli."

Ni kweli, nilikuwa ninamshikia mwavuli. Binti yangu alikuja, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa Kiingereza kuna nini. Mama akasimama akijikung'uta sketi.

"Baba yako amechoka," akamwambia. "Tutafute maji ya kunawa."

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kwenye kituo cha basi. Nilipochukua mkoba wake ili nimpandishie, aliutoa mkononi mwangu, bila ukali, kama unavyopokonya kitu kutoka kwa mgeni aliyekosea. Alipanda peke yake. Alikaa dirisha la upande wa pili.

Nilirudi Louisville, nikaenda kazini. Ghalani kuna mashine ya kufungia masanduku. Utepe wake unapochanika hutoa mkwaruzo, kisha sanduku husogea, kisha mkwaruzo tena. Nimefanya kazi kando ya mashine hiyo miaka sita na sikuwahi kuisikia. Wiki mbili zilizofuata niliisikia. Niliomba nihamishiwe mlango wa kupokelea mizigo, nikahamishwa, na nikawa naisikia kutoka kule. Jioni nilipiga simu Buffalo. Dada yangu, anayewahudumia wazee na hurudi nyumbani amechoka, alipokea kila mara. Mama amelala, alisema. Mama yuko bafuni. Mama ameenda kwa jirani. Dada yangu hajui kudanganya. Nilimsikia akifunika simu na mkono.

Kisha siku moja alipiga yeye.

"Kaka, mama anasema Jumamosi tunaweka matanga. Uje na suti."

"Matanga ya nani?"

"Unaniuliza mimi? Ya mama yake. Anasema amekufa. Nikamuuliza, nani kaleta habari, ni simu ya kutoka kwetu? Akasema, kaka yako njo kaleta." Aliliiga neno la mama, njo badala ya ndiye. "Kaka, umeongea na nani huko?"

"Nitakuambia nikifika."

"Sema sasa."

"Nitasema Jumamosi. Nitasema mbele ya watu."

Nilijua mama anataka nini. Kwetu, kabla ya sala ya matanga, ndugu mmoja husimama na kueleza historia ya marehemu: aliugua nini, siku gani, nani alikuwa naye, alisema nini mwisho. Huwezi kumlilia mtu ambaye mwisho wake haujasimuliwa. Niliandika ukurasa mmoja. Nilipima umbali kwa kumbukumbu, nikauandika. Niliandika hatua ishirini. Niliandika mizunguko miwili. Kila neno lililoanza kunitetea nililifuta, na kilichobaki kilikuwa nusu ukurasa.

Viti vya sebuleni kwa dada yangu vilikuwa vimetolewa na kuwekwa verandani, na sakafuni yaliwekwa magodoro. Wanawake waliketi na mama, amejifunga kitambaa kichwani, miguu imenyooshwa. Wanaume walikaa kwenye viti vya kukunja vilivyoletwa kutoka kanisani. Jikoni palinuka samaki na maandazi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na wengi wao nilitambua kwa nini wamekuja. Walikuwa wale waliowahi kuulizwa. Karibu kila mtu mzima mle ndani alikuwa amesimamishwa na mama mahali fulani, kambini au mlangoni mwa kanisa, akaelezwa habari za mwanamke mfupi anayechechemea.

Mzee wa kanisa, mtu wa mlima wetu, alifungua kwa sala fupi. Akauliza ni nani atatoa historia. Alimtazama mama, maana yeye ndiye mwenye msiba. Mama alininyooshea kidevu.

"Yeye," akasema. "Yeye njo alimusikia wa mwisho."

Nikasimama. Binti yangu alikuwa amekuja kwa basi kutoka Columbus. Aliketi karibu na mlango wa jikoni, na nilijua Kiswahili changu ataelewa chote, kwa kuwa nilikuwa nimeandika maneno mepesi. Nilisoma. Nilieleza nilitumwa na nani na nilifika wapi. Nilieleza hodi na jinsi nilivyozipiga. Nilieleza sauti niliyosikia. Nilisema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na ningeweza kumbeba. Nilisema majirani nilibuni, na kwamba wote walioulizwa kwa miaka hii waliulizwa kwa sababu yangu. Mzee mmoja kwenye viti vya nyuma alivua miwani yake, akaifuta, akabaki ameishika mkononi. Dada yangu alitoka, akaenda kusimama kwenye veranda. Hajaniuliza lolote mpaka leo.

Nilipomaliza, niliishusha karatasi. Mzee wa kanisa alikohoa, akauliza kama ilivyo desturi, "Kuna mwenye kuongeza?"

Nilidhani hakuna. Kisha mama akasema kutoka godoroni, bila kuinua kichwa, "Aseme alikuwa amevaa nini."

Nilitazama karatasi yangu. Nyanya yangu alikuwa na vitenge viwili vya kazi, kimoja cha rangi ya kahawa chenye majani, kingine cha buluu kilichopauka kabisa. Nilivijua vyote viwili vizuri. Ningetaja cha buluu na hakuna mtu duniani ambaye angenibishia. Mama angepata kitu cha kumwona nacho. Nililifikiria jambo hilo, na nadhani yeye alijua kwamba ninalifikiria.

"Sikumwona, mama," nikasema. "Nilimsikia tu."

"Basi uandike."

Nikatoa kalamu. Nilikuwa nimesimama na sikuwa na pa kuegemeza karatasi, hivyo nikaiweka kwenye kiganja, na herufi zikatoka zimepinda. Watu walingoja. Niliandika chini ya mstari wa mwisho: Sikumwona. Mama alingoja mpaka nilipofunika kalamu, kisha akaanza kulia.